Kuijenga Otonglo Ndani ya Gemu

Ukitaka kuijenga Otonglo, senta ya kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, ndani ya gemu, kitu cha kwanza utakachopata bila kutoa senti ni mlima. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na antena mbili za rada, moja tumboni mwake na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60. Wimbi lile lile lilizirudia antena hizo mbili kwa mpishano mdogo mno, na kutokana na mpishano huo wataalamu wakakokotoa mwinuko wa nchi kavu karibu yote iliyoko kati ya latitudo ya Oslo na ncha ya Amerika Kusini. Septemba 2014 Marekani ilipoanza kuzitoa data hizo kwa umma kwa undani wake wote, nukta moja kwa kila mita 30 hivi, bara lililotangulia lilikuwa Afrika. Leo yeyote mwenye kompyuta ya mitumba na bando la usiku anaweza kupakua ardhi nzima kutoka ufuo wa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, kupitia Otonglo na Kisian, mpaka Maseno.

Jiografia nayo imempendelea anayeijenga Otonglo. Ramani nyingi za mtandaoni huikunjua dunia kwa mtindo wa Mercator, ambao huvuta nchi na kuzifanya kubwa kadiri unavyoondoka kwenye Ikweta. Anayeijenga London hukuta ramani yake imevimba mara 1.6, na wa Helsinki mara 2, ikabidi apige hesabu za kuirudisha. Barabara ya Kisumu kwenda Busia inaikata Ikweta pale Maseno, penye bango ambalo wasafiri husimama kupiga picha. Huku kwetu nukta ya data ina upana na urefu ulio sawa, kama mita 31 kwa 31, na hakuna cha kurekebisha.

Hatari ya kwanza inangoja kwenye faili yenyewe. Injini za gemu, yaani programu ambazo gemu hujengwa juu yake, husoma mwinuko kama picha ya kijivu: cheusi ni chini, cheupe ni juu. Picha ya kawaida ya biti 8 ina vivuli 256 tu. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na Maseno karibu 1,500. Gawa tofauti hiyo kwa vivuli 256 na kila kivuli kinabeba karibu mita moja na nusu. Mteremko unaopanda polepole utageuka ngazi, na basi lako litaruka kila hatua chache kama linalopanda jukwaa la uwanja. Hifadhi picha ile ile kwa biti 16 na vivuli vinakuwa 65,536, kila kimoja chini ya sentimita moja. Anayeanza huanguka hapa, akadhani tatizo ni kompyuta yake.

Wapenzi wa Minecraft wana kikwazo chao. Tofali moja la gemu hiyo huhesabiwa kuwa mita moja, na mpaka Novemba 2021 dunia yake ilikuwa na kimo cha matofali 256. Safari ya Otonglo mpaka Maseno kwa vipimo halisi isingeingia. Ingegonga dari njiani. Toleo la 1.18 liliongeza kimo hadi 384, kwa hiyo mita zetu 366 sasa zinaenea na nafasi ndogo inabaki kwa ajili ya kina cha ziwa, ambacho upande wa Kisumu si kirefu hata hivyo.

Kuhusu ziwa, rada haikuona jipya. Ufuo uliomo kwenye data ni wa Februari 2000. Baadaye maji yalipanda, na Mei 2020 yakavuka rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964, yakaingia mashambani na kwenye vibanda vya samaki. Ukijaribu kuchora ufuo mpya kutoka picha za setilaiti, gugumaji litakuchezea. Programu inayotofautisha rangi huliona eneo la kijani kibichi na kuliandika kuwa nyasi. Upepo ukigeuka, nyasi hizo zimehamia ng'ambo ya ghuba. Hapo hakuna hesabu itakayokuokoa. Itabidi mtu anayeijua Winam aamue ziwa lake ni la msimu gani.

Na kuanzia hapo kila kitu kinamtaka mtu.

Tazama kinachofanywa tayari na wachezaji wetu. Mwaka 2017 studio ya Maleo ya Indonesia ilitoa gemu ya simu iitwayo Bus Simulator Indonesia, na ikamruhusu mchezaji kubadili sura ya basi lake. Indonesia, kama Kenya na Tanzania, huendesha magari upande wa kushoto. Usukani uko pale pale tulipouzoea. Gemu yenyewe hukubali simu za bei ya kawaida. Vijana wa huku wakaivamia. Wakatengeneza modi, yaani vipande wanavyoongeza wenyewe ndani ya gemu ya mtu mwingine: mabasi ya kampuni tunazopanda kwenda Siaya na Busia, honi, maandishi ya nyuma, hata matatu zenye michoro ambayo sheria za usafiri za waziri Michuki, zilizoanza kutumika 2004, zilitaka kuifuta barabarani.

Skini ya basi, yaani picha inayolivisha rangi na maandishi, hutengenezwa kwa kazi inayofanana na ya fundi cherehani. Umbo la basi ni pembetatu nyingi zilizounganishwa. Umbo hilo hufumuliwa na kutandazwa juu ya picha moja bapa: ubavu hapa, paa pale, bampa pembeni, kama vipande vya shati vilivyochorwa chaki kwenye kitambaa. Kila kona ya pembetatu ina namba mbili zinazosema iko wapi kwenye picha. Fundi wa skini hupaka rangi kwenye kitambaa akijua mshono utakapokutana. Mstari ukipinda pikseli chache karibu na mlango, basi zima litaonekana limegongwa.

Kazi hiyo ni nzuri, na nimeona skini zinazozidi za studio. Lakini angalia basi hilo linapotoka steji. Ni basi la Kisumu, rangi ni zake, honi ni yake, na linapanda vilima vya Java likipita vibao vya Kiindonesia. Gari limesafiri kirahisi kwa kuwa ni umbo moja na picha moja. Mahali hapasafiri hivyo.

Sababu moja ni ukubwa. Gemu za malori na mabasi hazijengi barabara kwa urefu wake. Euro Truck Simulator 2, ya SCS Software ya Ucheki, hupunguza Ulaya kwa uwiano wa takriban 1 kwa 19. Kwa kipimo hicho kilomita 25 hivi za Kisumu mpaka Maseno zinakuwa kilomita 1.3 hivi. Ila basi halipungui, wala mlango wa duka, wala mama anayevuka na beseni la omena. Kwa hiyo huwezi kuipunguza Otonglo. Unachoweza ni kuikata. Unakata nini? Kevin Lynch, mpangaji miji wa Marekani, aliandika mwaka 1960 kwamba watu hubeba mji kichwani kwa njia, kingo, mitaa, makutano na alama. Wabunifu wa gemu wamemwiba Lynch kwa miaka na wamefanya vyema. Nairobi humrahisishia kazi mbunifu: Andrew Kaggia alipotoa mwaka 2015 gemu ya Nairobi X, ambamo jiji linavamiwa na viumbe wa anga, alikuwa na majengo yanayotambulika ukiyaona mara moja. Otonglo haina mnara. Inatambulika kwa mpangilio: umeshaupita uwanja wa ndege, vibanda vimeanza kusongamana, bodaboda zimepangwa kwa namna fulani, na makanga anaanza kuuliza nani anashuka. Data ya Endeavour haina hata moja ya hayo.

Kuna pahali pamoja tu ambapo soko la Kenya humsaidia msanifu bila kukusudia. Simu ya bei ya kawaida hupata taabu kuchora maduka 80 tofauti mara 30 kwa sekunde bila kuchemka. Ujanja ni kuchora duka moja na kulirudia. Kwingineko mchezaji angegundua mara moja. Huku kampuni za simu zimeshapaka kuta za nchi nzima kijani na nyekundu, ukuta wa Otonglo ukafanana na wa Luanda na wa Bumala mbele kwenye barabara hiyo hiyo. Kinachoudhi macho barabarani kinaokoa betri.

Mfano bora wa mahali palipojengwa na wenyeji uko Kibera. Mwaka 2009 mradi wa Map Kibera uliwapa vijana wa huko vifaa vya GPS wakajaza ramani ya OpenStreetMap, ambayo pale ilikuwa karibu tupu. Mwaka 2012 UN-Habitat, yenye makao Gigiri, iliungana na Mojang, watengenezaji wa Minecraft, kuanzisha Block by Block: wakazi wakae mbele ya kompyuta, wapange wenyewe uwanja wao kwa matofali ya gemu, kisha wasanifu majengo wachukue mpango huo. Miongoni mwa viwanja vya kwanza kulikuwa na cha Kibera. Mtu ambaye hajawahi kusoma mchoro wa msanifu anaweza kuonyesha kwa tofali mahali taa inapotakiwa na njia anayoiepuka usiku. Mimi naona huo ndio usanifu wa hatua za gemu uliokomaa kuliko wote, hata kama hakuna aliyepigwa risasi ndani yake.

Tasnia inaijua thamani ya ujuzi huu. Inachokwepa ni kuulipia. Counter-Strike ilizaliwa 1999 kama modi ya Half-Life, na Valve, wenye Half-Life, ikawaajiri waundaji wake. Huo ulikuwa ungwana. Mwaka 2015 Valve na Bethesda walipofungua duka la modi za Skyrim, aliyetengeneza alipewa asilimia 25. Wachezaji wakalipuka, duka likafungwa ndani ya siku chache, ingawa wengi walikasirishwa na kulipishwa kuliko na mgao wenyewe. Blizzard, iliyokuwa imeiona modi ya DotA ikichipuka ndani ya gemu yake ya Warcraft III na kwenda kuwatajirisha wengine, ilikuja mwaka 2020 na masharti kwamba ramani utakayojenga humo ni mali yake. Minecraft ya kompyuta hukuachia modi uliyoiandika mwanzo mwisho iwe yako, mradi usiiuze. Epic tangu 2023 hutenga asilimia 40 ya mapato halisi ya Fortnite kwa wenye visiwa, yaani ramani zinazojengwa ndani ya gemu hiyo, lakini mgao hufuata umati wa wachezaji, na Otonglo haitashindana na uwanja wa kupigana uliochorwa kwa jioni moja.

Kwa hiyo kijana wa Otonglo akiniuliza, nitamwambia aendelee na skini za basi kwa kujinoa, ila mahali pake asipajenge ndani ya gemu ya mtu. Unity, kampuni ya injini ya gemu, ilipotangaza Septemba 2023 kwamba itatoza baadhi ya gemu ada kila zinaposakinishwa, kisha ikaifuta mwaka mmoja baadaye, ilionyesha jinsi ardhi ya kukodi inavyoweza kuhama chini ya miguu yako. Godot, injini iliyoanzishwa na Waajentina wawili na kuachiwa umma mwaka 2014, haina ada wala mgao, na mwinuko wa biti 16 unaweza kuingizwa humo. Mlima utaingia kwa jioni moja. Steji ya bodaboda itabidi aende kuipiga picha mwenyewe, asubuhi na tena jioni, kwa kuwa haipangwi sawa.