Njia za Umma (3): Barabara Isiyopitwa Nayo Ina Mwenyewe

Habari kwamba ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, inafikiria kuirudishia Seattle timu yake zimenipa nafasi ya kueleza jinsi jiji linavyoamua kuifuta barabara ya umma. Timu hiyo, SuperSonics, ilihamia Oklahoma City mwaka 2008. Mwekezaji Chris Hansen alipotaka kujenga uwanja mpya wa ndani ili mji upate timu tena, alikwama kwenye kipande kifupi cha barabara ya Occidental alichohitaji kifutwe.

Kisa hiki hakieleweki bila kurudi 23 Mei 1853. Siku hiyo walowezi waliwasilisha ramani za viwanja vyao. Arthur Denny na Carson Boren waliilaza mitaa yao sambamba na ufuko. Jirani yao wa kusini, Dk. David Maynard, alifuata dira, kaskazini-kusini. Hakuna aliyelegeza msimamo. Ndiyo maana hadi leo ukiteremka First Avenue kuelekea kusini, ukifika Yesler Way njia inapinda ghafla, kwani hapo ndipo ramani mbili zilipokutana bila kupatana. Miaka yote ninayoitazama ramani ya mji ule, jicho langu hukimbilia pale kwanza.

Na lipo jambo zito zaidi. Mkataba wa Point Elliott, ambao kwao wenyeji waliikabidhi ardhi hiyo kwa serikali ya Marekani, ulitiwa saini Januari 1855. Walowezi walichora mitaa na kuipa majina juu ya ardhi ya wenyeji Waduwamish kabla ya mkataba wowote, kisha mji wakauita kwa jina la chifu wa wenyeji haohao. Dhuluma hiyo imo ndani ya ramani, na anayetaka kuzungumzia haki ya barabara mjini Seattle hana budi kuanzia hapo.

Mwenye ardhi akishasajili ramani, mitaa iliyochorwa huwa ya umma, hata kama bado ni kichaka. Kwa kawaida umma hupata haki ya kupita tu. Udongo wenyewe hubaki kwa wenye viwanja vinavyopakana, kila upande hadi katikati ya njia. Barabara ikifutwa, haki ya umma hutoweka na majirani hujikuta na ardhi huru. Kwa hiyo sheria ya jimbo la Washington ina masharti. Ombi lazima litiwe saini na wenye zaidi ya theluthi mbili ya ardhi inayopakana. Madiwani hupanga siku ya kusikiliza, kati ya siku 20 na 60 baada ya azimio lao, na tangazo hubandikwa mahali patatu pa wazi mjini na jingine palepale barabarani. Jiji laweza kudai nusu ya thamani ya ardhi, au thamani yote ikiwa njia imekuwa ya umma kwa miaka 25 au zaidi.

Kisha huja maswali mawili. Umma utapoteza nini: pa kupita, mwanga, hewa, mandhari, nafasi ya mabomba na nyaya? Na utapata nini cha kudumu? Kupunguza madhara ya mradi wako mwenyewe hakuhesabiwi kuwa faida kwa umma.

Kifungu cha sheria hiyo ya jimbo ninachokienzi kuliko vyote ni kile kinacholinda barabara zinazoishia majini. Hizo hazifutwi ila kwa mambo machache, kama bandari, ufuko, maegesho ya boti au bustani. Seattle imejaa njia za namna hiyo. Majirani walizizungushia ua, wakapanda maua, wakaegesha magari, hata wapita njia wakaamini ni nyua za watu. Wananchi walipozidai, nyingi zikawa bustani ndogo zenye benchi na pa kushushia mtumbwi. Sisi wa pwani tunaujua uchungu wa kichochoro cha kuteremkia baharini kuzibwa na ukuta wa hoteli, mvuvi akabaki kuzunguka na nyavu zake begani.

Tukirudi Occidental, tarehe 2 Mei 2016 madiwani waliukataa ufutaji kwa kura 5 dhidi ya 4. Bandari ilikuwa imepinga kwa kuhofia njia za malori yake. Wote watano waliokataa walikuwa wanawake, na matusi waliyomiminiwa ni aibu kwa kila mpenda michezo. Walikuwa sahihi. Uwanja wa ndani wa zamani katika eneo la Seattle Center ulijengwa upya chini ya paa lake lilelile, ukafunguliwa mwaka 2021, na barabara ya Occidental haikuhitajika.

Nawe msomaji, ukiona tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi gazetini au kwenye ukuta wa mtaa wako, lisome hadi mwisho, na kama linagusa njia ya watu, andika pingamizi lako kabla siku hazijakwisha.