Nauli Haipandi, Hupandishwa

Wahenga walinena kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Hawakukosea. Mtu akiwa kwake ana jiko lake, mtungi wake na jirani wa kumkopesha chumvi. Akishatia guu njiani, hata maji ya kunywa huyanunua. Umaskini huo hutuzidia mwezi wa Desemba, wakati maelfu ya Wakenya wafungapo virago kwenda mashambani kuwaona wazee. Fedha alizodunduliza mtu tangu Januari aghalabu humalizikia kituoni, hata kabla ya basi kung'oa nanga.

Nasaha za kuhifadhi masurufu ya safari si ngeni. Mosi, mwenye uwezo wa kuchagua siku na asafiri juma moja au mawili kabla ya Krismasi, wala asirejee siku ile ile wanayorejea watu wote shule zinapokaribia kufunguliwa. Pili, na achukue chakula chake. Viazi vya kuchemsha, mayai na chupa ya chai havijamwaibisha mtu, ilhali katika mkahawa wa njiani, ambako basi husimama kwa dakika chache na abiria hana pengine pa kwenda, bei huwa ya kumkomoa. Tatu, aihesabu safari nzima, toka mlango wa nyumba aitokayo hadi mlango wa nyumba aendako. Garimoshi la Mombasa, kwa mfano, huanzia Syokimau na kuishia Miritini, wala si katikati ya miji. Asiyeitia katika hesabu nauli ya kumfikisha kituoni na ya kumtoa kituoni amejidanganya.

Garimoshi hilo lina funzo jingine. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida, kutoka Nairobi hadi Mombasa, ilitoka shilingi 1,000 ikawa shilingi 1,500. Nyongeza hiyo ilikuwa nzito, na wengi walinung'unika. Hata hivyo, ilitangazwa kabla ya wakati, na aliyetaka kujipanga alijipanga. Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo hili: mtu hawezi kuweka akiba kwa ajili ya bei asiyoijua. Nasaha zote nilizozitaja humfaa yule tu anayefahamu, kabla ya kutoka kwake, kwamba safari itamgharimu kiasi gani. Nasi tusafirio kwa barabara hatufahamu.

Ajabu ni kwamba hatukuanza hivyo. Neno 'matatu' lenyewe ni nauli. Magari hayo yalipoanza kubeba watu jijini Nairobi, abiria alitozwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi, na wasemaji wa Kikuyu wakaziita 'mang'otore matatu'. Kufikia 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu, jina lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Gari lilibatizwa kwa bei yake. Aliyelitaja gari alikuwa ametaja nauli. Leo gari lile lile ndilo lisilotaja nauli mpaka abiria awe ameketi na mlango umefungwa.

Badala ya kuandikwa, nauli hutangazwa kwa mdomo, tena kwa lugha ya wenyewe. 'Mbao' ni shilingi 20, 'finje' ni 50, 'soo' ni 100. Kijana aliyezaliwa Nairobi huyaelewa maneno haya pasi na kufikiri. Bibi aliyekuja mjini kumwuguza mwanawe hayaelewi. Atauliza mara ya pili, na kule kuuliza kutamtambulisha kuwa mgeni. Mgeni naye hutajiwa bei ya mgeni. Nimesikia kwa masikio yangu, katika kituo kimoja, abiria wawili wa gari moja wakitajiwa nauli mbili kwa mwendo ule ule. Tofauti baina yao ilikuwa lafudhi tu.

Tumsikilize utingo anapoulizwa sababu. Atasema: "Nauli imepanda." Kitenzi 'panda', kikitumiwa hivi, hakimdai mtu yeyote. Mvua imenyesha, jua limezama, nauli imepanda: sentensi tatu za muundo mmoja, kana kwamba zote ni kudura ya Mwenyezi Mungu. Lakini sarufi yetu imetupa pia 'pandisha', na 'pandisha' haiwezi kusimama bila mtenda. Ukisema nauli imepandishwa, swali linakuja lenyewe: na nani, na kwa nini? Abiria aliyezoea kuambiwa 'imepanda' hulipa kama anayelowa mvua, akimshukuru Mola kwamba hata nafasi ameipata.

Wenye magari wana hoja yao. Desemba gari huondoka Nairobi limejaa na kurudi tupu, na mafuta hayapungui kwa sababu viti ni vitupu. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Ila hoja yenye uzito haiogopi kuandikwa ubaoni. Nauli za barabarani hazipangwi na serikali, bali zimeachiwa soko. Lakini soko ambalo mnunuzi haijui bei mpaka amekwisha kunaswa si soko, ni mtego. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Sioni habari inayohitajika zaidi kuliko bei.

Kuna wanaodhani dawa ni kutafuta gari lolote lenye nauli ya chini. Hao nawatahadharisha. Gari lililojaza watu hadi ujiani, au lori la mizigo lenye kubeba watu usiku, huweza kumwokolea mtu shilingi mia chache na kumpotezea uhai. Rahisi ni ghali, walisema wazee, na barabarani ughali huo haulipiki.

Basi vyama vya wenye matatu na vibandike nauli vituoni na milangoni mwa magari, kwa tarakimu na kwa Kiswahili kieleweke kwa wote, na nyongeza ya sikukuu itangazwe siku kadhaa kabla. Nasi abiria tuulize kabla ya kupanda, tuulize kwa sauti ili na jirani asikie, na tudai risiti. Kuuliza si ujinga, wala si ubahili. Siku tutakapojua nauli kabla ya kufunga virago, haba na haba itaweza kweli kukijaza kibaba, na msafiri, hata asipokuwa sultani, atafika kwa wazee wake akiwa na kitu mkononi.