Istilahi za Upangaji wa Ardhi ya Mji: Uchambuzi wa Dhana Chache

Utangulizi

Upangaji wa miji ni taaluma inayomgusa kila mkaaji wa mji, awe anamiliki ardhi au amepanga chumba kimoja tu. Hata hivyo, istilahi zake katika Kiswahili hazijatulia. Makala haya yanakusudia kufafanua dhana chache za msingi, na kuonyesha kwamba uteuzi wa istilahi hapa si suala la ufasaha peke yake, bali pia ni suala la haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Basi mwananchi anayo hoja anapotaka kuelezwa mambo ya ardhi kwa lugha hiyo.

Umiliki na matumizi

Umiliki hujibu swali, “Ardhi hii ni ya nani?” Matumizi hujibu swali, “Ardhi hii ifanyiwe nini?” Mtu aweza kuwa na hati halali ya kiwanja na bado asiruhusiwe kujenga karakana juu yake, ikiwa mpango umekitenga kwa makazi. Akitaka kufanya hivyo, hana budi kuomba kibali cha kubadilisha matumizi. Sheria ya mwaka 2019 inayohusu upangaji na matumizi ya ardhi nchini Kenya yataka umma ujulishwe maombi kama hayo, ili mwenye pingamizi apate kulitoa.

Hapa pana mtego kwa mfasiri. Katika istilahi ya Kiingereza cha sheria inayotumika Kenya kwa mabadiliko hayo, neno linalotaja matumizi lafanana kabisa na lile linalomtaja mtumiaji. Mfasiri asiyetahadhari ataandika “kubadilisha mtumiaji.” Jirani atakayesoma tangazo hilo atadhani kiwanja kinapata mwenyewe mwingine tu, jambo lisilomhusu. Atanyamaza, na muda wa kutoa pingamizi utapita. Kwa hiyo “kubadilisha matumizi” ndiyo istilahi ifaayo, wala isibadilishwe na nyingine.

Kanda

Kuugawa mji katika kanda ni kutenga sehemu zake kwa makazi, biashara, viwanda au shughuli za umma. Wasemaji wa Kiswahili walikwisha kuyapa majina maeneo ya mji uliogawanywa kabla ya istilahi hii kuenea: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Dar es Salaam ni mfano mashuhuri. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 zilianza kuutenga mji kwa aina ya majengo. Watu wakayaita maeneo hayo kwa kuwataja wakaaji wake. Lugha ya wenyeji ilisema waziwazi yale ambayo kanuni iliyasema kwa kuzunguka.

Tulinganishe na Viwandani, jina la mtaa mmojawapo wa Nairobi. Kiambishi tamati -ni ni kile kile cha mahali, lakini shina lataja shughuli, si watu. Hata hivyo, huko viwandani wanaishi watu wengi sana, na mwaka 2017 mtaa huo, pamoja na Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, ulitangazwa kuwa eneo la upangaji maalumu. Jina lataja matumizi yaliyokusudiwa; wakaaji wanashuhudia matumizi yaliyopo. Mpangaji wa mji hana budi kuyatambua yote mawili.

Kiwango cha kufunika na uwiano wa sakafu

Dhana hizi mbili aghalabu huchanganywa. Kiwango cha kufunika ni sehemu ya kiwanja inayokaliwa na jengo pale chini. Uwiano wa sakafu ni jumla ya eneo la sakafu zote ikigawanywa kwa eneo la kiwanja. Tuchukue kiwanja cha mita za mraba 1,000, kinachoruhusiwa kufunikwa asilimia 50 na uwiano wa 2. Jengo linaweza kukalia mita 500, na sakafu zote zisizidi mita 2,000. Yaani ghorofa nne zilizo sawa, tukihesabu ile ya chini. Likikalia mita 250 tu, laweza kufika ghorofa nane. Mpangaji akitaja “msongamano” bila kubainisha kipimo, hajatueleza kitu.

Majina ya makazi

Dhana moja imepewa majina mengi, na kila jina lina hukumu yake. “Mtaa wa mabanda” wataja vifaa vya ujenzi. “Makazi holela” yawalaumu wakaaji. “Makazi yasiyopangwa” yaelekeza swali kwa yule aliyepaswa kupanga. Tena, neno “mvamizi” lafunga mjadala kabla haujaanza. Huko Mombasa, katika mitaa kama Majengo, upo utaratibu wa siku nyingi wa nyumba bila ardhi: mtu humiliki nyumba, na kumlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Mtu huyo si mvamizi, wala si mpangaji wa nyumba. Istilahi isiyompa nafasi humwondolea utetezi.

Hitimisho

Yafaa wanaisimu na wapangaji wa miji wakae pamoja, wasanifishe istilahi hizi kwa kuzingatia mambo matatu: zibainishe dhana zinazokaribiana, zitaje jambo bila kuhukumu watu, na zieleweke kwa msomaji wa tangazo lililobandikwa penye kiwanja. Huyo wa mwisho ndiye mwenye haja nazo kuliko wote.