Arobaini ya mama asiye na mkataba

Kwetu Pwani mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na mzazi ana siku zake arobaini. Haingii jikoni, hachoti maji, hatoki kwenda sokoni. Mama yake au shangazi yake hufunga safari hata kutoka mkoa mwingine kuja kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga na kumpokea mtoto usiku ili apate lepe la usingizi. Wachagga wana mtori wao. Kila kona ya nchi hii ilikuwa na namna yake ya kulisema jambo lilelile: mwili uliozaa hupumzishwa, na kuupumzisha ni kazi ya jamaa wote.

Nilizikumbuka siku hizo asubuhi moja pale Buguruni. Mama anayetuuzia chapati na supu hakuwa ameonekana kwa siku tisa. Siku ya kumi tulimkuta nyuma ya jiko lake la mkaa, miguu imevimba, kichanga kimelazwa ndani ya beseni lililotandikwa kanga, upande usiopeleka moshi. Tulimpa hongera. Mteja mmoja akamwuliza mbona ametoka mapema hivyo. Alijibu, akiendelea kugeuza chapati, kwamba kesho yake ilikuwa siku ya marejesho.

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Mikopo midogo inayotolewa mitaani, ile watu wenyewe waliyoipa jina la kausha damu, hudai kila wiki, mingine kila siku. Ukikosa, wenzako wa kikundi hukulipia halafu wanakuja kwako kuchukua godoro au televisheni. Karatasi ya mkopo haina mstari unaosema mkopaji akijifungua asubiriwe. Tena mama huyu amepanga, na mwenye nyumba wa Dar hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mama yake mzazi yuko kijijini analima. Angekuja, angelala wapi katika chumba kimoja?

Mimi nilipojifungua nilikuwa na siku 84. Nilipewa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: siku 84 zenye malipo, 100 kwa aliyejifungua mapacha, na siku 3 kwa baba. Kuna kifungu kimoja cha sheria hiyo ambacho wengi hatukitazami. Kinasema mwajiriwa asifanye kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, ila daktari akithibitisha kwamba anaweza. Wiki sita ni siku 42. Waliotunga sheria na bibi zetu waliokuwa wakikanda wazazi kwa maji ya moto wamepishana kwa siku mbili tu. Hiyo si bahati. Katika wiki hizo ndipo mama anaweza kutokwa damu nyingi, kupata homa ya uzazi, kupandwa na shinikizo la damu au kuzama katika huzuni asiyoweza kuieleza. Mwili hauulizi kama mwenyewe ana ajira.

Sheria, lakini, inauliza. Neno lililotumika ni mwajiriwa. Mama wa chapati hana mwajiri wa kumwandikia barua ya likizo, na wanaoishi kama yeye, wauza mboga, wauza samaki wa kukaanga, mama lishe wa kila kituo cha daladala, vibarua wa mashambani, ndio wengi wa wanawake wanaofanya kazi nchini. Tunapoboresha, tunawaboreshea wale wale. Mei Mosi ya mwaka 2024 jijini Arusha, Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, alitangaza nyongeza ya likizo kwa mama aliyejifungua mtoto njiti. Ni hatua njema na nilishangilia. Mtoto njiti wa mama anayeuza ndizi hakuguswa na tangazo lile.

Nisieleweke vibaya kwamba hakuna kilichofanyika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wanaojifungulia kwenye vituo vya afya wamefika asilimia 81. Zahanati zimejengwa, wodi zimeongezwa, wakunga wamesomeshwa. Kumfikisha mama wodini tumeweza kwa kiasi kikubwa. Akivuka mlango wa wodi kurudi kwake, hapo ndipo tunapomwachia mzigo peke yake.

Niliporudi kazini mwanangu hakuwa ametimiza miezi mitatu, wakati wataalamu wa afya wanataka anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Sheria inanipa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini kwa mtu anayekaa Mbezi na kufanya kazi Posta saa hizo huliwa na foleni. Aliyeniokoa alikuwa dada wa kazi. Alitoka Singida akiwa na miaka 22. Alijua kumbeba mtoto, kumcheulisha, kumtuliza tumbo linapomsokota. Ilinichukua wiki kadhaa kumwuliza alijifunzia wapi. Akaniambia ana mwanawe wa mwaka na nusu, amemwacha kwa bibi.

Mwanangu alilelewa na mama wa mtoto mwingine. Jambo hili limeenea katika nyumba za mjini kiasi kwamba hatulioni tena. Mama mwenye mshahara anaweza kurudi ofisini kwa sababu mama mwingine ameondoka kwake. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 1, 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake. Ile ya 2013 ilikuwa 40,000. Nilikuwa nikimlipa zaidi kidogo na nikajihesabu mwema. Bima ya CHF iliyoboreshwa, ambayo katika mikoa mingi ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, ilikuwa nusu ya mshahara huo wa mwezi. Mwanawe hakuwa na kadi yoyote. Alipougua, bibi alisubiri nitume hela kwa simu, na kuna siku nilichelewa.

Dada alipoenda likizo ya Krismasi, mwanawe alijificha nyuma ya bibi yake. Alimwita bibi mama, na mama aliyemzaa alimwita dada, kama alivyosikia wengine wakimwita.

Ajabu ni kwamba dada wa kazi, tofauti na mama wa chapati, sheria inamtambua. Ni mwajiriwa. Siku 84 ni zake pia, na sheria hiyo inakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba. Ana chama, CHODAWU, kinachowatetea wafanyakazi wa majumbani. Lakini wangapi mnamjua dada aliyepata mimba akapewa likizo yenye malipo? Ninaowajua mimi walipewa nauli na begi lao. Mwajiri aliyefanya hivyo mara nyingi ni mwanamke aliyekula likizo yake yote bila wasiwasi.

Tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya wanawake. Hiyo ni fedha ya umma. Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aandike kwenye kanuni kwamba mkopaji aliyejifungua asimamishiwe marejesho kwa muda usiopungua miezi mitatu, kwa kuonyesha kadi ya kliniki tu. Hakuna wizara mpya inayohitajika hapo. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, ipimwe kwa namna itakavyomfikia yule mtoto wa Singida.

Kwetu sisi wenye dada majumbani, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hulipa walau nusu yake. Kwa mshahara ule wa 60,000 nusu hiyo ni shilingi 6,000, haifiki bei ya kuku. Mwandikie dada yako mkataba kabla mwezi huu haujaisha. Kisha mwulize kama ana mtoto, na mtoto huyo akiugua usiku wa leo atatibiwa kwa kadi gani.