Mkono Mmoja Juu ya Mawimbi

Ndugu wafanyakazi, safari hii tunawaletea habari ya kisiwa cha Kauai, katika visiwa vya Hawaii, Marekani. Ni mbali, lakini si kwa wageni. Mwaka 1946 wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Hawaii waligoma kwa siku 79, watu wa asili mbalimbali wakiwa kitu kimoja.

Vijana wa huko hupenda mchezo wa kusimama juu ya ubao na kuteleza na mawimbi ya bahari. Bethany Hamilton alikuwa mmoja wao. Asubuhi ya tarehe 31 Oktoba 2003, akiwa na miaka 13, alikuwa amelala juu ya ubao wake, mkono wa kushoto ukining'inia majini. Papa mkubwa, urefu wake kama futi 14, akaukata karibu na bega.

Baba wa rafiki yake alimfunga jeraha kuzuia damu, wakamfikisha ufukoni. Hospitalini baba yake mwenyewe alikuwa tayari kupasuliwa goti. Akampisha binti yake, ambaye alikwisha poteza zaidi ya nusu ya damu yake.

Baada ya siku 26 tu, Bethany alirudi majini. Yeye ni Mkristo, na kila alipoulizwa alipata wapi moyo huo, alijibu kwamba ni imani yake kwa Mungu. Mwaka 2005 alitwaa ubingwa wa taifa wa vijana. Mwaka 2016, katika mashindano ya Fiji, alimshinda Stephanie Gilmore, aliyekuwa bingwa wa dunia mara sita, akatoka wa tatu.

Kwa nini tunayaeleza haya? Kwa sababu wako wenzetu waliokatwa vidole na mikono na mashine. Wengi huambiwa, "Ni mapenzi ya Mungu," kisha wakarudishwa nyumbani. Sisi hatubishani na Mungu. Lakini papa hafungwi kinga, mashine hufungwa.

Tena liko jambo moja la kukumbuka. Baba yake Bethany aliuwekea ubao mshikio, ili binti aushike kwa mkono wa kulia anapopenya chini ya mawimbi. Imani ilimrudisha baharini, na mshikio ule ukamsaidia kuendelea.

Basi mwenzetu aliyeumia asiachwe na imani yake peke yake. Apate fidia yake. Apewe kazi anayoiweza, na chombo kilichotengenezwa kufuata mkono uliobaki. Hayo tuyadai kwa mwajiri kupitia tawi letu, wala tusingoje aliyelala kitandani ayadai mwenyewe.

Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Ndugu, jioni hii baada ya kazi, nani kati yetu atakwenda kumjulia hali mwenzetu aliyeumia?