Habari za Aishi Manula, Mlinda Lango

Wasomaji wetu, jioni katika viwanja vya mji huu, chini ya milima ya Uluguru, watoto wakigawana timu, yule asiyejua kupiga chenga huambiwa, "Wewe kaa golini." Sisi twaona desturi hiyo ni ya ujinga. Mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara moja, husifiwa. Mlinda lango akiokoa mara tano na kukosa mara moja, hulaumiwa, naye ndiye aokotaye mpira wavuni mbele ya watu wote. Ninyi walimu mpangao timu za shule, na ninyi wazazi, tazameni habari za Aishi Manula, mzaliwa wa Morogoro.

Alizaliwa mwaka 1995, akaingia katika kikosi cha Azam cha Dar es Salaam mwaka 2012, angali kijana mdogo. Mwaka 2015 Azam walitwaa Kombe la Kagame pasipo kufungwa bao hata moja, yeye akiwa mlinda lango wao. Mwaka 2017 akahamia Simba, nayo Simba ikatwaa ubingwa wa nchi mara nne mfululizo, tangu 2018 hata 2021.

Lakini si vikombe tutakavyo kuvisimulia. Tarehe 19 Januari 2019, katika mashindano ya klabu bingwa za Afrika, Simba walifungwa na AS Vita mjini Kinshasa mabao 5 kwa 0. Wiki mbili baadaye wakaenda Misri, na Al Ahly nao wakawafunga 5 kwa 0. Mabao kumi! Wako watu ambao baada ya aibu kama hiyo wangeomba ruhusa ya kukaa nyumbani, wala tusingewashangaa sana. Walakini tarehe 12 Februari, Al Ahly walipofika Dar es Salaam, aliyesimama langoni alikuwa Manula yule yule. Meddie Kagere akafunga bao moja, na Waarabu wale hawakupata kitu. Mwezi Machi wakaja AS Vita, wakafungwa 2 kwa 1, na Simba wakaingia robo fainali.

Siku nane baadaye, tarehe 24 Machi, Taifa Stars waliwafunga Uganda 3 kwa 0, naye langoni. Hivyo Tanzania ikaenda katika mashindano ya mataifa ya Afrika, mara ya kwanza tangu 1980. Huko Misri walishindwa michezo yote mitatu.

Mwaka 2021 Simba walicheza michezo sita ya kundi lao wakafungwa mabao mawili tu, wakawa wa kwanza mbele ya Al Ahly. Kisha Kaizer Chiefs wa Afrika Kusini wakawafunga 4 kwa 0 siku moja. Ndivyo ilivyo kazi hii.

Baadaye aliumia, akapasuliwa, akakaa nje muda mrefu. Tarehe 5 Novemba 2023 alirudishwa langoni katika mchezo mgumu kupita yote, Simba na Yanga, akafungwa mabao matano kwa moja. Maneno aliyoyapata hatutaki kuyachapa hapa. Walinda lango wengine wakachukua nafasi yake, naye akakaa benchi. Mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 29, alirudi Azam, kwenye klabu ile ile aliyoanzia ujanani.