Shahidi Aliye Nje ya Diski: Ulinzi wa Data Iliyohifadhiwa dhidi ya Uharibifu wa Kimyakimya na Mabadiliko Yasiyoidhinishwa

Katika usimbaji wa ASCII, tarakimu 5 huandikwa kwa biti 00110101 na tarakimu 1 kwa biti 00110001. Tofauti kati yake ni biti moja tu. Tuchukulie kumbukumbu ya mgonjwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mwananyamala, wilayani Kinondoni, inayoonyesha dozi ya miligramu 500. Biti hiyo ikigeuka, daktari wa zamu atasoma 100, na hakuna chochote kwenye skrini kitakachomtahadharisha. Mfano huu ni wa kudhania. Haudai kwamba jambo hilo limetokea hospitalini hapo. Hata hivyo, kadiri hospitali za umma nchini zinavyohama kutoka majalada ya karatasi kwenda mifumo ya kielektroniki kama GoT-HoMIS, swali linalozuka si la kinadharia: msomaji wa kumbukumbu atajuaje kwamba anachokisoma ndicho kilichoandikwa?

Diski yenyewe ina msimbo wa kusahihisha makosa, na mengi huishia hapo. Yanayobaki hutokea njiani: katika kumbukumbu ya seva, kwenye kebo, au katika programu ya ndani ya diski inayoripoti kwamba imeandika ilhali haikuandika. Bairavasundaram na wenzake (2008) walichunguza diski milioni 1.53 kwa miezi 41, wakakuta zaidi ya matukio 400,000 ya bloki zisizolingana na nambari zake za ukaguzi.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kuongeza nakala. Kwa maoni yangu, jibu hilo halitoshi. Diski mbili zilizounganishwa kwa RAID ya kioo zikitofautiana, moja ikisema 500 na nyingine 100, mfumo hauna msingi wa kuamua ipi ni ya kweli. RAID, kama Patterson, Gibson na Katz walivyoifafanua mwaka 1988, ilikusudiwa kukabili diski iliyokufa, si diski inayosema uongo. Aidha, umeme ukikatika baada ya data kuandikwa lakini kabla ya biti za usawa kusasishwa, viwili hivyo hubaki vikipingana. Nakala rudufu ya usiku nayo hunakili kosa kwa uaminifu uleule inaonakili ukweli.

Kinachohitajika ni shahidi, naye lazima akae mahali tofauti na anachokishuhudia. Nambari ya ukaguzi ikihifadhiwa ndani ya bloki ileile, uandishi uliopotea hautagundulika: bloki ya zamani na nambari yake ya zamani bado vinalingana kikamilifu. Ndiyo sababu mfumo wa mafaili wa ZFS, uliobuniwa katika kampuni ya Sun Microsystems, huiweka nambari hiyo katika bloki mzazi inayoielekeza bloki husika. Kila ngazi huthibitishwa na ngazi iliyo juu yake hadi kwenye mzizi. Hapo ndipo nakala ya pili inapopata thamani, kwani mfumo hujua ipi ni nzima na huitumia kuirekebisha mbovu.

Kanuni hiyohiyo hutawala mabadiliko ya makusudi, ila hapa mpinzani ana akili. Katika rejista ya wino, kufuta huacha kovu. Katika hifadhidata, mwenye mamlaka ya msimamizi anaweza kubadili dozi, kisha akakokotoa upya nambari ya ukaguzi. CRC haimzuii, kwa kuwa haina siri yoyote. Hata SHA-256 haimzuii ikiwa matokeo yake yamo mikononi mwake. Alama hizo zipelekwe kwenye seva inayosimamiwa na mtu mwingine, na nakala ziwekwe katika hifadhi inayoandikwa mara moja tu, isiyofutika kabla ya muda uliowekwa.

Suala hili lina uzito wa kisheria pia. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaielekeza mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, kuzingatia jinsi ulivyohifadhiwa na jinsi uadilifu wake ulivyodumishwa. Taasisi isiyo na shahidi wa nje itashindwa kujibu swali hilo hata kama data yake ni safi.

Shahidi, hata hivyo, hasemi asipoulizwa. Jalada la mgonjwa aliyetibiwa miaka mitatu iliyopita halisomwi na mtu yeyote hadi arudi, na huenda siku hiyo nakala nzima ikawa imeshafutwa ili kupata nafasi. Kwa hiyo bloki zote, zikiwemo zisizotumika, zipitiwe na kulinganishwa na nambari zake kwa ratiba fupi kuliko muda wa kutunza nakala rudufu.